Novemba Msimwache Aende Peke Yake

Ukipita vijiji vya Newala na Masasi wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, ngoma utaisikia kabla hujaiona. Vijana wanatolewa jandoni. Mama kafunga kanga mpya, mjomba katoa jogoo na hela ya shati, na babu ambaye tangu masika hakutoka uani leo kawekewa kiti mbele ya watu. Na huyo hapo mtoto mwenyewe, kavaa miwani ya jua na shati ambalo bado lina mikunjo ya dukani, kakingiwa mwavuli, anatembea taratibu kama mtu mzima. Siku zote alizokaa kumbini alifundishwa, akaulizwa, akakosea, akarudishwa nyuma, akaulizwa tena. Hakuachwa peke yake hata usiku mmoja.

Miaka michache baadaye mtoto huyohuyo anaamka alfajiri ya Novemba. Sare kaifua jana usiku, bado ina unyevu kwenye kola. Hajala. Anakata njia ya mchanga katikati ya mikorosho kwenda kufanya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili. Nani kamsindikiza? Nani pale nyumbani anajua kwamba leo ni Hisabati?

Nauliza kwa uchungu kwa sababu nimeshika chaki miaka mingi pande hizi, na nimesimama mlangoni asubuhi hizo nikiwaona wakija. Wanakuja mmoja mmoja. Mwaka mmoja kiti kimoja kilibaki wazi, siku hiyohiyo ya Hisabati. Nilimjua mwenye kiti, kijana wa akili ya haraka, wa kumaliza swali ubaoni kabla sijaweka chaki chini. Jioni nilimkuta kwenye chama cha msingi cha ushirika, kakaa juu ya magunia ya korosho, analinda zamu ya familia kwenye mizani. "Shikamoo mwalimu," akasema, akainamisha kichwa. Baba yake alikuwa pembeni, mtu mwema, mchapakazi. Hakujua. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile ni moja tu kwa mwaka. Hata mimi sikumwambia, na hilo nalibeba mpaka leo.

Kwa hiyo maneno haya ni ya baba yule, ni ya mjomba, ni ya walimu wenzangu, na zaidi ya wote ni yako wewe uliye Kidato cha Pili mwaka huu. Jamii inayojua kumwandaa mtoto kwa jando na unyago namna ile haiwezi kusema haijui kumwandaa kwa mtihani. Tunajua. Tumeamua tu, bila hata kukaa kikao, kwamba jambo moja ni la ukoo mzima na jingine ni la mtoto na serikali.

Kuna wanaouona upimaji huu kama mtihani mdogo, wa njiani, na wanangoja kuhangaika Kidato cha Nne. Mimi nauona ndio mkubwa kuliko yote, maana unakuja wakati bado kuna muda wa kujenga. Ukijikwaa Kidato cha Nne, umejikwaa mlangoni. Kidato cha Pili ukijua unapopwaya, una miaka miwili mbele yako. Taifa lilishawahi kuonja ladha ya kuudharau. Mchujo wa Kidato cha Pili uliondolewa mwaka 2008, na matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yakatikisa nchi kiasi kwamba Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume ya kuchunguza. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, lakini mwalimu yeyote aliyekuwa darasani miaka ile atakwambia alikuwa anafundisha Kidato cha Tatu watoto ambao hakuna aliyewasimamisha kuwauliza kama wameelewa. Mchujo ulirudishwa mwaka 2012, na sasa asiyefikia kiwango hurudia kidato.

Tuutazame mtihani wenyewe uso kwa uso basi, maana kitu kinachotisha hupungua kimo ukikisogelea. Ngazi zake ni hizi: alama 30 unaingia kwenye D, 45 ni C, 65 ni B, na 75 ni A. Anayepata 22 leo hayuko kuzimu. Yuko alama nane chini ya mlango. Alama nane ni swali moja ulilolielewa vizuri na jingine ulilolielewa nusu. Nimewaona watoto waliotoka 18 mwezi wa pili wakafika 47 mwezi wa kumi na moja, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ubongo wa ajabu. Walikuwa na daftari la makosa, basi.

Kinachowaangusha wengi ni lugha, na hapa nataka nikae kidogo.

Nilimuuliza binti mmoja, nje ya darasa, kwa nini baba yake anapulizia salfa kwenye mikorosho kuanzia mwezi wa sita. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu wanakula. Akanieleza ubwiri unga unavyoanza kama vumbi jeupe kwenye maua na majani machanga, unavyopenda ubaridi wa asubuhi, unavyosambaa kwa upepo kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine, na maua yanavyokauka yasizae kitu. Alieleza dakika tano nzima. Alikuwa ananieleza kuvu: inavyoishi, inavyozaliana, inavyomnyonya mwenyeji wake. Wiki moja kabla, kwenye jaribio la Biolojia, swali kuhusu viumbe haohao aliliacha tupu. Elimu ilikuwemo kichwani mwake, imetunzwa kwenye ghala la Kiswahili, na swali lilikuja kwa Kiingereza likagonga mlango usio wake.

Sera ya nchi ni kwamba shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Nina maoni yangu juu ya hilo na sitayaficha: mzigo huu ni mkubwa mno kwa mtoto wa kijijini, na ningekuwa na uwezo ningeupunguza. Lakini Novemba haingoji maoni yangu. Inamngoja yeye. Na huyu mtoto anayeambiwa hajui lugha, hebu tumtazame vizuri. Nyumbani anasema Kimakonde, au Kimakua, au Kiyao. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, lugha ambayo wengine huku walianza kuizoea vizuri darasani. Wengi wao, Newala hasa, jioni walikwenda chuoni wakasoma herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, wakahifadhi sura nzima bila kukosea irabu moja. Hizo ni lugha tatu kabla hajafikisha miaka kumi na tano. Kiingereza ni ya nne! Mtoto wa jiji kubwa duniani anayejua lugha moja tu akikutana na huyu wa kwetu, ni nani hasa anayepaswa kuona aibu?

Kwa hiyo wewe, usikubali tena kusema "mimi Kiingereza sikiwezi." Kilichokupa Kimakonde na Kiswahili ni masikio na mazoezi, na hivyo bado unavyo. Chukua daftari dogo, la kuingia mfukoni. Kila siku ya shule maneno matano: upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili, na chini yake sentensi uliyotunga mwenyewe, hata kama ina kasoro. Kwa siku 190 za masomo hayo ni maneno 950. Anza na yale yanayoamrisha kwenye mtihani. Kutaja si kueleza, kueleza si kulinganisha, na kutofautisha mambo mawili kunataka uyaseme yote mawili, sio moja. Nimesahihisha karatasi za watoto waliojua kila kitu wakaandika orodha pale walipotakiwa kutoa sababu, na kalamu yangu nyekundu ikashindwa kuwasaidia.

Walimu wenzangu, kuna silaha tunaiacha imelala. Baraza la Mitihani, ambalo nchi yetu ililiunda mwaka 1973 baada ya kujitoa kwenye lile la pamoja la Afrika Mashariki, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali. Zinaonyesha hata jibu zuri la mtahiniwa mmoja na jibu bovu la mwingine, kwa mwandiko wao wenyewe. Ziko kwenye tovuti ya Baraza, bure. Shule isiyo na mtandao inaweza kumwomba mmoja wetu anayekwenda Masasi mjini azichape, nakala moja tu kwa kila somo. Siku utakayobandika ukutani jibu lililopata alama zote na lililopata sifuri, yakiwa ubavu kwa ubavu, utaona watoto wanavyoyasogelea. Halafu njooni tushikane mikono na shule ya jirani kwa mtihani wa ujirani mwema, tusahihishiane bila huruma. Mtoto anayekutana na swali gumu mara ya kwanza Novemba ametupwa majini bila kufundishwa kuogelea.

Hisabati sasa. Somo hili linaangusha wengi kuliko mengine nchini, mwaka hadi mwaka, na limejengewa hofu kama ya pango. Lakini nendeni kwenye chama cha msingi siku ya kupima korosho. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, nani pale mizani alimngoja mhasibu amwambie kilo 47 ni shilingi ngapi? Mama ambaye hakumaliza darasa la nne alishajua ni 155,100, kama anavyojua kila msimu makato, deni la salfa linalotoka humo, na kitakachobaki cha bati. Mtoto wake alisimama pembeni akihesabu naye. Huo ni uzidishaji, ni asilimia, ni mlinganyo wenye kisichojulikana ndani yake. Tofauti ni kwamba pale mizani kisichojulikana kinaitwa bati, na kwenye karatasi kinaitwa x. Anayekubali kuibiwa kilo moja na mnunuzi wa magendo, yule wa kangomba, huku hayupo. Kwa nini akubali kuibiwa alama na herufi moja?

Na asiniambie mtu kwamba nchi hii haina historia ya kusoma. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi kwa miguu akitokea pwani, akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, na chini ya milima ile ya mawe wakajenga makazi yenye kanisa na shule. Fikirieni ni akina nani waliokuwa wanafunzi: watu waliokuwa wameuzwa. Mwaka 1882 misheni ikavamiwa na Wangoni, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa. Waliobaki walipanda huku juu Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao, wakaanza upya. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Zanzibar, akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kazi yake aliifanya Chitangali, nchi hiihii tunayoikanyaga. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji viliteketeza misheni za Nyangao na Lukuledi, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanza Ndanda. Wengine huisoma habari hii kama historia ya kanisa. Mimi naisoma kama historia ya madarasa ambayo kila yalipobomolewa yaliinuka tena, kwa mikono ya watu waliokuwa na sababu zote za kukata tamaa. Wewe unayeona aibu kurudia kidato, ujue unasoma katika nchi ambayo shule zenyewe zilirudia.

Kisha akaja mtoto wa Lupaso, hukohuko Masasi. Benjamin William Mkapa alizaliwa hapo mwaka 1938, akaanza kusoma hapo, akapita Ndanda, akasoma Pugu, na mwaka 1962 akahitimu Makerere. Alihitimu nini? Kiingereza. Lugha ileile tunayosema watoto wa huku hawaiwezi, yeye aliifanya shahada, akahariri magazeti kwayo, akaongoza nchi kuanzia 1995 hadi 2005. Wakati wa urais wake ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002 na madarasa ya shule za msingi yakafurika, na wa sekondari ukafuata mwaka 2004. Julai 2020 alirudishwa Lupaso kuzikwa. Njia ya kutoka Lupaso mtoto mmoja ameshaipita, na nyayo bado zinaonekana.

Ada nayo imeondoka tangu mwaka 2016. Kilichobaki ni vitu ambavyo serikali haiwezi kuvileta kwa gari: muda, uji na utulivu. Na adui wa muda huku kwetu anajulikana kwa jina. Korosho zinaanza kudondoka Septemba, minada inapamba moto Oktoba na Novemba, na mtihani umekaa katikati yake. Sisemi mtoto asiokote korosho. Korosho ndiyo iliyomnunulia sare. Nasema kuanzia mwezi wa tisa, mtoto wa Kidato cha Pili aokote Jumamosi na Jumapili asubuhi, na siku nyingine wenye mikono mingine waokote. Wiki mbili za mtihani asiguse gunia. Wajomba, huku kwetu mpwa ni wako kabla hajawa wa mtu mwingine. Wewe ndiye uliyesimama siku ya jando. Simama na sasa. Mjomba mmoja akimwambia shemeji yake, "Huyu mwezi huu mwacheni, ana mtihani," nani atambishia? Na ukiuza korosho, kabla ya redio mpya, nunua taa moja ya sola. Ni hela ya kilo chache tu.

Kwa mabinti naomba sauti ipande zaidi. Maji bado yanawala saa zao. Huku juu mchanga unameza mvua yote, na bomba la mradi wa Makonde likikatika ni binti anayeamka saa kumi na ndoo. Kaka zake wana miguu pia. Wakichukua ndoo kwa mwezi mmoja wa Oktoba hawatapungukiwa uanaume wowote waliofundishwa kumbini. Wafundishaji walewale ndio waliowaambia mwanamume hulinda nyumba yake. Makungwi nao wana nguvu kuliko mwalimu mkuu yeyote. Neno moja la kungwi, kwamba kuwa mwari si kumaliza shule, linaweza kumbakiza binti darasani mpaka Kidato cha Nne. Na yule aliyepata mtoto akarudi nyumbani, ajue kwamba tangu Novemba 2021 mlango wa shule umefunguliwa kwake. Mama, mshike mkono umrudishe. Mtoto mchanga bibi atampakata.

Nirudi kwako, mwanangu, maana wewe ndiye utakayeshika kalamu. Leo jioni, sio kesho, chukua karatasi moja ya mtihani wa miaka iliyopita. Kaa chini ya mkorosho au barazani, weka saa mbele yako, jipe muda wa saa mbili na nusu, bila daftari. Utaumia. Maswali mengine yatakukodolea macho nawe utayakodolea. Ukimaliza, sahihisha na wenzako watatu, na kila kosa liandike kwenye daftari lake, pamoja na sababu: sikujua, sikuelewa swali, au niliharakisha. Baada ya wiki tatu utagundua kwamba makosa yako si mengi kama ulivyodhani. Ni yaleyale machache yanayobadilisha nguo. Hapo umeshamjua adui kwa sura. Usiache swali tupu. Msahihishaji hawezi kutoa alama kwa ukimya. Na ukisikia mtu anauza "majibu" usiku wa kuamkia mtihani, geuka uende ukalale. Usingizi huo una alama zaidi.

Kuna asubuhi moja ya Novemba naikumbuka kila mwaka. Wanafunzi walikuwa wanaingia getini, mmoja mmoja kama kawaida, kisha nikaona wawili. Mvulana, na nyuma yake bibi yake, kajitanda kanga iliyopauka, kashika chupa ya uji mkononi. Alikuwa ametembea naye njia nzima. Nikamwamkia. Akaitikia, akavuta pumzi, akaniuliza, "Mwalimu, leo ni lipi?"

"Hisabati, bibi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa nzito, akamgeukia mjukuu wake, akamnyoosha kola. Kisha akaenda kukaa chini ya mkorosho ulio nje ya uzio, miguu kainyoosha, chupa kaiweka pajani. Kengele ililia saa mbili. Jua likapanda, kivuli kikahama, naye akahama nacho. Saa nne na nusu walipotoka, kijana alikwenda moja kwa moja pale mtini. Bibi hakumuuliza amefanyaje. Alifungua chupa, akammiminia kwenye kifuniko, akamwambia kaa unywe, kesho nataka unionyeshe njia ya mkato, hii ya leo ina mchanga mwingi.